Mwaka Tuliopanga Kabati

Salumu alikata roho asubuhi, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke, na kabla jua halijapanda wanaume walikuwa wameshajaa uani wakiuliza sanda. Ndivyo tulivyo hapa Kasongo. Maiti hacheleweshwi, na mzee aliyefika umri ule anaweza kukosa vyote nyumbani mwake lakini hakosi sanda yake mwenyewe, imekunjwa mahali, inamngoja. Binti yetu Mwajuma alikuja chumbani macho yamevimba. "Mama, wanaume wako nauliza sanda ya baba. Iko wapi?" Nikamwambia kila kitu cha baba yako kiko kabatini, nenda kafungue. Akafungua. Lahaula! Nguo zikamwangukia kifuani hadi akarudi nyuma. Makoti juu ya makoti, kanzu zimekandamizwa chini ya suruali, tai zimejisokota kama utumbo wa mbuzi, viatu visivyo na soli, mashati yenye kola za njano kwa jasho la miaka mingi. Mwajuma akaanza kuzitoa fungu baada ya fungu na kuzitupa kitandani karibu yangu, na mimi, mjane wa saa chache, badala ya kulia nilikuwa nazuia matapishi.

Kabati la nguo likifunguliwa mbele yangu, tumbo huinuka. Wanangu wananicheka tangu zamani. Wao wana makabati yao ya milango mitatu, yenye vioo, na mimi nguo zangu naziweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, kila kilichomo ni changu na hakuna cha mtu. Wanadhani ni ushamba wa kijijini Wamaza nilikotoka. Sababu hawaijui, maana kuna mambo mke hayasemi mbele ya watoto baba yao akiwa anavuta pumzi. Sasa amezikwa, Mungu amrehemu, na nitasema.

Nilikuwa sijazaa bado. Salumu alikuwa karani katika ofisi ya pamba, kijana mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mjini, na tulikaa katika nyumba ya matofali kwenye mtaa wa makarani: sebule, chumba chetu, na chumba kidogo cha nyuma alichokaa mama yake, Mama Mayasa. Mwaka ule Salumu alishikwa na ugonjwa wa karte. Walio wadogo hawataelewa, kwa hiyo nieleze. Wabeleji walikuwa na karte waliyompa mtu mweusi waliyemwona amestaarabika, anafanana nao. Mwenye karte alipita mtaa wa Wazungu jioni bila kusimamishwa na polisi, dukani alihudumiwa mbele na si kwenye dirisha la nyuma, na ofisini alipewa kiti chenye mgongo. Lakini kabla ya kukupa, walikuja nyumbani kwako. Wanaingia watatu au wanne, wanatazama unalala juu ya nini, unakula na mkeo meza moja au yeye anakula jikoni, una wake wangapi, na ukoo gani umejazana ndani. Wanafunua vyungu. Wanafungua kabati la nguo na kutia mkono. Watu wazima, wenye mama zao, wanaingia nyumba ya mtu na kunusa chupi zake! Na sisi tulikuwa tunaomba waje.

Kwa Mwislamu wa Kasongo mlango ule ulikuwa mwembamba mno. Wazungu walitutazama sisi watu wa misikiti kwa jicho la pembeni, wakituita mabaki ya Waarabu. Kwa hiyo Salumu alianza kutia sahihi Salomoni. Kisha akaacha kofia. Kisha, Ijumaa, akaanza kuwa na kazi nyingi ofisini. Mama yake alikuwa anamtazama tu. Mama Mayasa alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye pua iliyojulikana mtaa mzima: alinusa maziwa yataganda kesho, alinusa mimba kabla mwenyewe hajajua, alinusa mvua ikiwa bado ng'ambo ya Lualaba. Asubuhi moja mwanawe alipotoka kwenda kazini alivuta hewa nyuma yake na kuniambia, "Mukamwana, bwana wako iko nanuka woga."

Halafu likaja kabati. Mzungu mmoja wa pamba alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vyake, na Salumu akalileta lile kabati juu ya mkokoteni, mtaa wote ukitazama: mbao nyekundu, milango miwili, kioo upande mmoja. Nilipovuta droo ya chini nikakuta soksi moja imekauka kama samaki wa chumvi, na pembeni yake kucha. Kucha za miguu za Mzungu, zimekatwa na kukusanywa kwenye kona, za njano, nene. Kwenye pembe za juu mende walikuwa wametaga. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa ndimu, nikalianika juani siku nzima, na bado kila kitenge nilichokiweka humo kilitoka kinanuka tumbaku na kwapa la mtu nisiyemjua. Nikimwambia Salumu ananijibu, "Njo harufu ya kabati ile, Zuena. Utaizoea." Hadi leo sijaizoea.

Aliyemfundisha la kufanya alikuwa Kalonda, karani mwenzake, mtu wa misioni, ambaye karte yake aliipata mwaka wa nyuma. Kalonda alikuja jioni, akaketi sebuleni kwetu akila karanga zetu na kutupa maganda chini, nyumba ambayo alikuwa anatufundisha kuifanya safi. Mimi nilikuwa chumbani na mlango haukufunga vizuri, nikasikia yote. "Wewe Salomoni, sikia. Muzungu akifungua kabati anatafuta nini? Anatafuta mafungu. Mashuka kwa mashuka, taulo kwa taulo, nape za meza kwa nape za meza, nguo za ndani za madamu pahali pake. Fungu lipande juu. Likiwa fupi, anasema huyu ni mutu wa juzi." Salumu akamjibu kuwa sisi kitambaa cha meza tunacho kimoja tu. "Utajaza," Kalonda akasema. "Vyetu nitakuletea. Hata mwangu, nusu ilikuwa ya kuazima. Lakini yale mabunda ya mama yako, na kanga za kizee, na sanduku lile, yatoke. Na mama yako naye, siku ile... unajua. Wanapenda bwana, bibi, na watoto. Basi."

Kesho yake ndipo tulipopanga kabati. Watu hupanga kabati kwa kutoa takataka na kubakiza vyao. Sisi tulitoa vyetu tukaingiza vya watu. Kanga zangu za harusi zilitoka, kwa kuwa zilikuwa na maandishi na Salumu alihofu maandishi yatamuudhi mtu. Kanzu zake zilitoka. Kitambaa cha nyuzi za mti alichofuma babu yangu, nilichopewa nilipoolewa, Salumu alikishika kwa ncha ya vidole, mwanamume aliyezaliwa na Mbangubangu, watu wa kitambaa hicho hicho, akasema, "Hii nayo? Hii ni ya msituni." Kikaenda kwenye kibanda cha kuku. Kisha Kalonda akaleta masanduku yake mawili. Nguo za kulalia za mke wake, taulo zake, na sidiria zake, zimekunjwa bila kufuliwa vizuri, zina miviringo ya jasho chini ya kwapa. Mimi, mke halali wa mtu, nikakaa na pasi ya makaa nikinyoosha nguo za ndani za mwanamke mwingine ili Mzungu aje azione na kusema ni zangu. Mvuke ulipopanda na jasho la yule mama likafufuka puani mwangu, nilitoka nje nikatema. Salumu alikuwa nyuma yangu na rula yake ya ofisini, anapima mikunjo ilingane. Fungu la mashuka sawa. Fungu la taulo sawa. Fungu la vitambaa vya meza, la kwetu kimoja na vya Kalonda viwili, lilikuwa fupi. Akalitazama muda mrefu, akikuna kidevu.

Mama Mayasa alikaa kizingitini mwa chumba chake akitazama vitu vyake vinavyobebwa. Hakupinga. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Salumu alijifanya hajasikia. Alilivuta lile sanduku la mbao la mama yake kutoka chini ya kitanda na kulifungua, na ndani, chini ya vitenge, ilikuwamo sanda. Ilikuwa bafta nyeupe, nzima, haijakatwa bado, maana sanda hukatwa siku yenyewe, kwa kimo cha mwenyewe. Mama Mayasa aliitafuta miaka mingi kwa vitumbua vyake. Mtu mmoja aliyejaliwa kwenda hija aliirudisha imechovywa katika maji ya zamzamu, na kila mwezi wa mfungo ukikaribia aliitoa, akaianika kivulini, akaikunja upya na kuitia karafuu maiti, zile chembe nyeupe kali ambazo kwetu hapa hazina kazi nyingine ila kwa wafu. Pale nyumbani kwetu kitu cha thamani kilikuwa hicho. Hakikuwa kabati, wala matofali.

"Salumu, sanda yangu unaipeleka wapi?"

"Pahali pa safi, mama. Kabatini. Huko kwenye sanduku panya watakula."

Uso wa mama ulilainika. Nilimwona. Alifurahi, maskini, kuwa mwanawe ameiheshimu sanda yake hadi kuipa nafasi nyuma ya kioo. Mimi nilikuwa chumbani, na nilimwona Salumu anaikunja kwa upana wa rula na kuilaza juu ya fungu la vitambaa vya meza. Fungu likapanda. Nikamwambia, "Bwana, sanda haikai na nguo za chakula." Akasema ni siku moja tu, Zuena, ni siku moja, na nani atajua? Nikamwambia Mungu atajua. Akaufunga mlango wa kabati, nikabaki natazama sura yangu.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Mzungu wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, mnene, ana leso ya kujifutia shingo. Madamu mmoja aliyefundisha wanawake kushona na kukunja nguo, mwembamba, na glavu nyeupe juani. Na Kalonda, mkalimani, kwa kuwa mimi Kifaransa sikujua na walitaka kuniuliza mwenyewe. Mama Mayasa tulikuwa tumemweka jikoni, na nimuache hapo kwanza. Yule madamu alianza na viganja vyangu, akavigeuza kama anayenunua ndizi. Akafunua chungu cha sombe, kisamvu chetu, akakunja pua. Akabonyeza kitanda. Akafika kwenye kabati, akalifungua lote wazi, na wale wanaume watatu wamesimama nyuma yake, na mume wangu mmoja wao. Akainua sidiria kwa vidole viwili, juu kabisa, kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ya mke wa Kalonda, Kalonda anaijua, Salumu anajua kuwa Kalonda anaijua, na wote wanaitazama kwa adabu kama picha ya mfalme. Madamu akauliza, Kalonda akanigeukia: "Anasema, ni yako?" Nilimtazama machoni. Nikasema, "Muulize mwenyewe aliyeileta." Akageuka akasema kitu kirefu na madamu akatabasamu, akaniandikia alama nzuri.

Kisha akainama kwenye rafu ya vitambaa vya meza na kuvuta hewa. Mara ya pili. Uso ukamng'aa. "Naftalini!" akasema, na hilo nililielewa bila mkalimani, maana lilikuwa neno la dukani, zile tembe za kufukuza nondo. Akamwita yule mnene naye anuse. Wakanusa wote wawili, vichwa vyao ndani ya kabati, karafuu maiti ya mkwe wangu, wakapongezana. Kalonda alikuwa mtu wa misioni lakini alizaliwa Kasongo. Alikuwa amezika majirani. Nilimwona puani mwake kuwa ameijua harufu ile. Na yule madamu akaivuta sanda kutoka juu ya fungu, akaikunjua kidogo, akaipapasa, akasema kwa furaha maneno ambayo Kalonda aliyatafsiri huku anatazama sakafu: "Anasema hii nape ni nzuri kuliko zote. Anasema tuitandike, tunywe kahawa juu yake, aone vile munapokea wageni."

Nilimtazama Salumu. Dunia nzima ilikuwa inamngoja Salumu. Angesema neno moja tu, kwa lugha yoyote. Kifaransa alikuwa nacho, kizuri, wenyewe walimsifu. Akalamba midomo, akachukua ncha moja ya bafta na kuanza kumsaidia madamu kuitandaza mezani.

Basi nikasema mimi. Nilisema kwa sauti, "Hii si ya meza. Hii ni sanda ya mama mukwe wangu." Madamu akamtazama mkalimani. Kalonda hakuchelewa hata kidogo. Baadaye nilipojifunza Kifaransa kwa watoto wangu ndipo nilipoyatambua maneno yake, maana yalikuwa yamenikaa sikioni: aliwaambia ninaomba radhi kuwa meza ni ndogo. Madamu akanipapasa bega. Haidhuru, haidhuru, akasema. Wakaketi. Na kwa kuwa mke mstaarabu ni lazima akae mezani na mumewe, wakanivutia kiti nami nikaketi mbele ya sanda.

Aliyebaki wa kuleta kahawa alikuwa nani? Mama Mayasa alitoka jikoni na sinia, birika linatoa mvuke, mikate ya mafuta imepangwa kwa sahani. Alipofika kizingitini alisimama. Hakuwa ameona bado. Mwanga wa nje ulikuwa nyuma yake na sebule yetu ilikuwa na giza. Nilimwona pua yake ikipanuka. Kisha macho yakaifuata pua, yakashuka mezani, yakakaa hapo. Yule mnene akauliza jambo, na Kalonda, sijui kwa uzembe au kwa shetani, akauliza kwa Kiswahili: "Anasema, huyu mama ni nani kwenu?"

Na Salumu akajibu kwa Kiswahili, hakuinua kichwa. "Iko mupishi."

Nimeishi sana. Nimepita vita, nimewahi kula mizizi msituni, nimeosha maiti zilizokaa. Sijasikia tena neno lililonichefua namna ile. Mama Mayasa alikuja, akaweka sinia juu ya sanda yake taratibu, akamimina. Vikombe vyote. Yule mnene alikula mkate wa kwanza, wa pili, mafuta yanamtiririka, na leso yake ilikuwa imelowa jasho, kwa hiyo akavuta ncha ya bafta iliyoning'inia magotini mwake na kujifutia mdomo. Akainua kikombe, akacheka kitu alichosema madamu, na kahawa ikamwagika, ikaenea juu ya ile nyeupe, taratibu, ukubwa wa sahani. "O, pardon," akasema, na alikuwa anamwambia madamu. Mvuke wa kahawa uliichemsha karafuu maiti, na sebule yote ikanuka kama chumba cha kuoshea. Wakamaliza mikate yote. Walisema haijapata kuwa tamu.

Walipoondoka Mama Mayasa aliikunja, akaenda nayo uani. Akaifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa papai bichi. Doa lilififia, likawa rangi ya chai, na hapo likagoma. Nilichutama pembeni yake nikilia, nikimwambia amlaani, mama, mlaani, mimi nitaitikia amina. Akakamua ile bafta, akaitazama juani. "Mutoto akikunyea mukononi, unakata mukono?" akaniuliza. "Unanawa. Lakini hapa maji yamechafuka, Zuena. Miye naenda kunawa kwingine." Juma lililofuata alipanda kamyo, lori la mpunga, kwenda kwa binti yake Hadija, Kabambare, na bunda moja tu. Salumu alimsindikiza hadi kituoni akiwa amevaa suti. Mama yake alimpa mkono kama mtu mwenye heshima ambaye hamfahamu sana.

Karte ilikuja. Salumu aliitia mfukoni mwa koti na kila dakika anaipapasa. Jioni alinichukua tukatembee mtaa wa Wazungu. Tulitembea, polisi akapiga saluti, mbwa wakabweka nyuma ya maua, hapakuwa na kingine cha kuona. Dukani tulihudumiwa mbele, sabuni ile ile. Kalonda akaja kuchukua nguo zake, akazihesabu mbele yangu. Kabati likabaki tupu, mafungu yamekwisha, na usiponiamini basi, lakini ndani mlibaki mnanuka mke wa Kalonda, Mzungu wa pamba, na karafuu maiti, vyote pamoja. Nikaenda kwenye kibanda cha kuku kutafuta kitambaa cha babu yangu. Kuku walikuwa wamekinyea kote na kutagia mayai.

Kabla mwaka haujaisha Hadija alituma mtu: mama yuko chini, hali chakula. Tulikwenda Kabambare juu ya magunia, mvua inatupiga, gari linakwama kila kilima, na Salumu amekumbatia kifurushi ndani ya koti lake kisilowe. Tulimkuta Mama Mayasa kitandani, amekuwa mdogo, pua peke yake ndiyo iliyobaki na ukubwa wake. Salumu akapiga magoti. Akafungua kifurushi. Ilikuwa bafta mpya, nyeupe hadi inaumiza macho, bora ya duka zima.

"Umeleta nini, baba?" mama akauliza. Macho hayakuwa yanaona vizuri.

"Sanda mupya, mama. Nzuri kupita ile."

Akanyoosha mkono, akaishika, akaivuta karibu na kuinusa. "Nzuri," akasema. "Iweke. Utaivaa weye." Salumu akalia kama mtoto, kichwa chake juu ya mkeka, na mama yake akamwekea mkono kisogoni, hakuuondoa. Kisha akaniita mimi na Hadija, akatuusia. Sanda yake ni ile ile. Na waoshaji wasije wakalikata lile doa wakalitupa, maana ndivyo wafanyavyo wenye akili: wakikuta pachafu wanapakata. "Musikate. Liende na miye. Wakiniuliza huko nani alikunywa kahawa juu yangu, nitajua la kujibu."

Alikufa mchana wa siku ya pili. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na mimi ndiye niliyesimamia mkasi. Doa lilikuja kifuani. Wanaume wakamchukua, na kwa kuwa mwanamke hushushwa kaburini na watu wa damu yake, Salumu ndiye aliyeingia shimoni kumpokea, akambeba mikononi, kifua kwa kifua. Toka siku ile hakunywa tena kahawa hadi anakufa. Watu walidhani ni presha. Karte ile, walipoondoka Wabeleji, hata watoto waliichezea. Akarudia kofia yake, akarudia Ijumaa, akawa mzee wa safu ya mbele. Na hakuweza tena kutupa nguo. Ukigusa shati lake bovu anakufokea. Sikumwacha, mkiniuliza. Nilimzalia watoto saba, nilimpikia, nilimcheka alipochekesha. Lakini kumeza kitu si kukipenda, na mimi lile neno la mezani nililimeza kila siku na chakula.

Hayo yote yalinipita pale kitandani, Mwajuma anachimba kabati la baba yake na wanaume wanabisha hodi kwa kukohoa nje. Alifika chini kabisa, nyuma ya viatu, akavuta mfuko wa kitambaa. Akaufungua. "Hii hapa, mama! Haijatumiwa hata siku moja." Bafta ya Kabambare. Imekuwa ya manjano kwenye mikunjo, na mikunjo imelingana, upana wa rula. Niliipokea, nikaiweka puani. Alikuwa ameitunza kwa tembe za dukani. Harufu ya nondo, harufu ya madamu yule. Naftalini kweli kweli, safari hii.

Mwajuma akasema, "Tuianike kidogo, mama, tuitie karafuu maiti, isinuke vile."

"Wacha," nikasema. "Aende na naftalini yake."

Akanitazama kwa hofu, kama nimepandisha pepo. Sikujali. Nilimpa sanda, akatoka nayo, nikamsikia anawakabidhi wanaume na wanaume wanaanza kusema bismillahi na mkasi unakata. Nikakaa na zile suti zinazonuka. Halafu nikainama chini ya kitanda, nikavuta sanduku langu la bati, na chini, ndani ya sanda yangu mwenyewe, nikachota karafuu maiti mkono mzima. Nikamwita Mwajuma arudi, nikamfumba kiganja. Nikamwambia awape, waitie yote. Si kwa ajili yake, nikamwambia. Anakwenda kupokelewa na mama yake, na mama yake ana pua.